Kifua cha Mama Adero

Asubuhi ile Awuor alikuwa anamsuka Jepleting, na alikuwa amefika nyuma ya sikio la kushoto. Jepleting aliketi sakafuni juu ya gunia lililokunjwa, kichwa kati ya magoti ya msusi wake, mtoto akinyonya. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu nyumba za kaunsili pale Bondeni zina dirisha moja dogo, na bila mwanga wa mlango msusi hawezi kuona njia. Kila akimaliza laini moja Awuor aliacha, akapangusa kichana kwa kitambaa kilichokuwa cheupe siku kiliponunuliwa, akaendelea. Nywele za Bondeni hupanguswa kwanza ndipo zisukwe. Masizi hulala kwenye ngozi ya kichwa kama unga kwenye meza ya chapati.

Walikuwa wanamsengenya mwalimu mmoja wa kwaya aliyehama na sofa za kanisa. Awuor akavuta pumzi ili aseme sofa zilikuwa zimeonekana wapi. Wakati huohuo moshi wa asubuhi ulikuwa unapita mlangoni, ule wa rangi ya maji yaliyofua soksi, ukaingia pamoja na pumzi yake. Akasema sofa zimeonekana Subukia, kwa nyumba ya mjane. Wakacheka sana. Moshi haukutoka.

Jepleting ndiye aliyeona kwanza, kwa kuwa alikuwa ameelekea ukutani na ghafla akaweza kuisoma kalenda.

“Mama Adero, moshi imeingia kwako na haijatoka.”

“Itatoka tu. Inamisha kichwa.”

Akainamisha. Awuor akavuta pumzi nyingine, na moshi uliokuwa umejificha chini ya kitanda ukatoka huko, ukapanda, ukamwingia puani bila fujo. Kufikia laini ya mwisho chumba kilikuwa kimetakata. Nyuma ya pazia, kitandani, mjukuu wake Mitchelle akanyamaza. Si kwamba alikuwa anaongea. Mtoto huyo alikuwa na filimbi kifuani, ilikuwa inalia mchana na usiku, na bibi yake alikuwa ameizoea kama watu wenye friji wanavyoizoea friji. Iliponyamaza, mikono ya Awuor ilisimama hewani na kichana ndani yake. Alisikiliza. Mtoto alikuwa anapumua tu, kama watoto wa mahali pengine.

“Umemaliza ama?” Jepleting aliuliza.

“Nimemaliza. Jiangalie kwa kioo.”

Moshi wenyewe ulikuwa wa Jiko. Kiwanda kina jina lake kwenye geti, jina la Kizungu lenye picha ya jani, lakini tangu kijengwe nyuma ya reli hakuna aliyekiita ila Jiko. Huyeyusha betri kuukuu za magari na kutoa madini ya risasi yaliyo ndani. Bomba lake la moshi ni refu kuliko kanisa lolote la karibu, na mwenye kiwanda alisema hapo mwanzo kwamba moshi ukitolewa juu hivyo utakwenda zake. Siku za joto huenda. Siku za baridi, hewa nzito ya kreta ya Menengai inaposhuka na kulala juu ya mji, moshi hupanda, hugonga ile baridi, hurudi chini kama mtu aliyesahau funguo. Ukirudi, hurudi Bondeni.

Watu walikuwa wamezoea. Sukuma wiki za kwenye magunia ziliota zikiwa kijivu, zikachumwa na kupikwa hivyohivyo. Mvua ilitoboa mabati, kwa hivyo sufuria ziliwekwa nje na ndani. Nyuki wa kwenye jakaranda ya karibu na mfereji walihama kwa mstari, wa mwisho akitembea kwa miguu. Flamingo waliokuwa wakipita juu kuelekea ziwani waliingia kwenye wingu wakiwa waridi, wakatokea upande wa pili wakiwa na rangi ya saruji, na watalii waliambiwa hiyo ni aina nyingine. Nguo nyeupe zilivaliwa na maharusi tu, nao walivalia mjini.

Adero, binti ya Awuor, alikuwa amekufa mwaka juzi. Alikohoa kuanzia Pasaka mpaka Krismasi, kisha akaacha. Akamwacha pia Mitchelle, mtoto wake. Watu waliendelea kumwita Awuor Mama Adero, maana jina la namna hiyo halibadilishwi kwa sababu ya msiba, na kila alipoitwa aliitika. Hakumwomba Mungu nyumba wala shamba. Alimwomba kitu kimoja, Jumapili na siku zingine, kwamba kifua cha Mitchelle kisifuate kile cha mama yake.

Sasa, neno kifua. Lazima lielezwe, kwa kuwa mambo yaliharibikia hapo. Bondeni ukisikia kwamba fulani ako na kifua, mwangalie kwanza anayesema. Kama amekunjua uso, anamaanisha huyo fulani ni wa kuambiwa siri, haitatoka. Kama ameshusha sauti na kuangalia mlango, anamaanisha ule ugonjwa unaofanya jamaa wakutengee kikombe na kijiko. Huo hautajwi. Mtoto atakohoa mpaka abadilike rangi na mama yake atasema ni homa, ni vumbi, ni meno. Hakuna mtu Bondeni aliyewahi kukubali mbele za watu kwamba ana kifua cha pili. Cha kwanza kila mtu hudai anacho, na wengi wao ni waongo.

Awuor alikuwa nacho kweli. Umbea aliupenda, na mambo ya sofa aliyasambaza kwa moyo mkunjufu. Lakini kichwa cha mtu kikishikwa saa nyingi hutoa hata ambacho mwenyewe hakupanga kukitoa, na vitu vya aina hiyo viliingia kwa Awuor vikabaki. Kimojawapo kilikuwa cha Jepleting. Mumewe, Kigen, ndiye aliyekuwa akilisha moto wa Jiko. Wageni wa serikali wakija, Kigen alilisha kuni za blugamu kutoka Subukia, zilizopasuliwa vizuri na kupangwa mahali pa kuonekana. Wageni wakiaga na giza likiingia, alilisha tairi. Zilitoka Mai Mahiu, ambako malori yakishuka mteremko wa eskapmenti tairi hupasuka kama njugu kwenye kikaango, na vijana huziokota kando ya barabara na kuziuza. Juu ya tairi walirusha maganda ya plastiki ya betri na kumwagia oili chafu. Kigen alimwambia mkewe kitandani. Mkewe akamwambia Awuor pale sakafuni, kwenye gunia.

“Hii ikitoka, Kigen amefutwa kazi. Na sisi tutarudi Subukia kwa shamba ya nani?”

“Imeingia kwangu,” Awuor alimjibu. “Mimi niko na kifua.”

Wapo Bondeni wanaosema yote yalianzia hapo, kwamba kifua kikizoea kushika, hushika chochote kinachoingia. Wengine husema ni damu yake tu. Jambo hilo halikuchunguzwa.

Habari ya hewa ilizunguka ploti kabla ya chai ya saa nne. Mchana Mzee Odero, mstaafu wa reli aliyekaa nyumba ya pili, alifika na kigoda chake na redio yake.

“Awuor, nasikia hapa kuna hewa.”

“Karibu, mzee. Sigara iache nje.”

“Sigara niliacha zamani. Ninunue ya nini na hii yote ni ya bure?”

Wakaja wengine na watoto mgongoni, na sufuria za mboga za kuchambua, na sweta za kufuma. Utaratibu ulijipanga wenyewe. Wachanga waliwekwa karibu na magoti ya Awuor, waja wazito walikaa kitandani, wazee mlangoni, vijana walisimama, na aliyepumua akatosheka alimpisha mwenzake. Awuor alisukia katikati ya watu hao wote. Nyumba haikuwa imewahi kujaa hivyo tangu matanga ya Adero, na safari hii watu walikuwa wanacheka. Nani ameachwa, nani amerudiwa, nani amenunua kuku akadanganya ni wa kufuga: yote yalipita pale. Mitchelle alikwenda kucheza karibu na mfereji, akarudi mbio, akapumua, akatoka tena, kama mtoto anayekuja kunywa maji. Inhela yake ilisahaulika juu ya kabati. Alikwenda shule wiki nzima bila kukosa, na mwalimu wake akauliza kama ni yeye.

Kilichobadilika ni Awuor. Kwanza alikuwa mzito. Kitanda kilianza kulalamika, kikawekewa matofali katikati. Kisha ikaja sauti. Akisema neno, moshi mwembamba ulilitangulia, kama ule wa mtu anayeongea asubuhi ya baridi kule Molo. Ndiyo na hapana hazikuwa na shida. Jina la mtu lilimtoa machozi aliyekaa mbele. Siku aliyojaribu kueleza jinsi mwalimu wa kwaya alivyofukuzwa na watoto wa mjane, hakufika hata kwenye sofa. Chumba kilitiwa giza na wachanga wakabebwa nje. Aliuvuta wote ndani tena. Baada ya hapo hakusimulia kitu. Alisikiliza, alitikisa kichwa, alicheka kwa mabega, midomo ikiwa imefungwa. Watu wakajifunza kumuuliza maswali ya ndiyo na hapana, na wengine wakaona hata ni afadhali, kwamba mtu wa kukusikiliza tu bila kukujibu haonekani mara nyingi.

Daktari wa zahanati alimwekea kipimo mgongoni akasikiliza kwa muda mrefu. Alisikia moto. Alisikia pia, alivyosema, kama mtu anarusha tairi. Akampa vidonge vya rangi mbili na kumwambia anywe maziwa.

Maziwa ni jambo la Jiko. Kila mfanyakazi wa hapo, zamu ikiisha, hupewa pakiti ya maziwa ya kuosha kifua. Desturi hiyo ni ya zamani na wote wanaiamini, mpaka wakubwa. Kigen alikunywa yake akiwa bado getini, na hakumsalimu mtu kabla hajaimaliza. Basi siku moja mkubwa wa Jiko, Madam Chesang, alikuja mwenyewe Bondeni akiwa amebeba pakiti. Alikuwa na koti jeupe, na watoto walimfuata ili waliangalie. Hakuwa mtu mbaya. Alibisha hodi, akavua viatu, akakubali kigoda, akafumba macho na kupumua.

“Mathe, hewa ya hapa ni tamu.”

Awuor akatikisa kichwa.

“Sisi kama kiwanda tunajali majirani. Kuanzia kesho utakuwa unaletewa maziwa kila asubuhi.”

“Na sisi wengine, madam?” Mzee Odero aliuliza.

“Maziwa ni ya watu wa moshi, mzee.”

“Na sisi ni wa nini?”

“Nyinyi ni majirani.”

Watu wakacheka, na Madam Chesang akacheka nao. Alipokuwa anavaa viatu alitazama mlango, akatazama bomba la kiwanda chake lilivyoonekana kutoka pale, akashukuru kwa ugali ambao hakuula, akaenda.

Maziwa yalikuja. Kila alfajiri pakiti moja ilikutwa mlangoni, ikiwa na muhuri wa Jiko kama zile za wafanyakazi. Na kwa kuwa watu wa Bondeni sasa walikuwa na mahali pa kupumulia na hakuna aliyelalamika, Jiko halikuona sababu ya kusubiri giza. Tairi zilichomwa mchana. Tanuri la pili likawashwa. Jepleting, kichwa magotini, alieleza kwamba foleni ya malori ya tairi ilifika mpaka kwenye reli, na kwamba Kigen siku hizi akitema, kinachotoka hakimwagiki, kinadondoka kama lami.

Awuor alisikiliza na kuvuta. Moshi ulikuja mwingi maradufu, akavuta maradufu. Usiku alipolala uzi mwembamba wa moshi ulitoka masikioni mwake, na Mitchelle akamzibia kwa pamba, sikio moja kisha lingine, kabla ya kusema sala. Vidole vya Awuor vilikuwa vizito, laini zikaanza kwenda upande. Mtoto akaanza kumsaidia. Alianza na vichwa vya watoto wenzake, na laini zake zilinyooka.

“Dani, angalia,” alisema. Ndivyo alivyomwita bibi yake.

Awuor aliangalia. Halafu alimwangalia mtoto mwenyewe, jinsi kifua kilivyopanda na kushuka bila sauti, akajiuliza ni nini kitatokea siku ambayo yeye atakuwa amejaa.

Ndipo ikatangazwa kanisani kwamba afisa wa mazingira anakuja kusikiza wananchi kuhusu hewa. Jioni hiyo Jepleting alikuja peke yake, akawatoa watu kwa heshima, akafunga mlango.

“Mama Adero, nimekuja kukufungulia. Ile kitu nilikuambia, sema.”

Awuor alimnyoshea kidole: wewe je?

“Mimi sitaweza. Wataniuliza nimejuaje. Nikiangalia Kigen usoni nitanyamaza. Wewe ukisema, watu watajua ni kweli, kwa sababu hujawahi sema kitu ya mtu.” Alianza kulia. “Wacha afutwe. Afadhali afutwe akiwa bado ako na mahali pa kupumulia.”

Awuor alifikiri.

“Sawa,” alisema. Neno hilo lingejaza kikombe.

Tangu siku hiyo alilitafuta neno fupi. Alijaribu kichwani sentensi mbalimbali, akikata hapa na pale kama mtu anayepunguza gauni. Mwishowe alibaki na maneno mawili: wanachoma tairi. Alikuwa na hakika kwamba yakitoka haraka, mlango ukiwa wazi na wachanga wakiwa nje, chumba kingestahimili.

Mkutano ulikuwa ufanyike kwenye ukumbi wa mtaa. Lakini ukumbini hakuna aliyeweza kumaliza sentensi bila kukohoa, kwa hivyo watu wakaomba uhamishiwe kwa Mama Adero, kwenye hewa. Afisa alikubali. Aliitwa Kipkemoi, kijana mwenye adabu na viatu vya vumbi, na alikuwa na mashine ndogo ya kupima hewa. Siku hiyo Jiko lilikuwa linachoma blugamu na mtaa mzima ulinukia kama peremende ya kikohozi. Watu walikuwa wameingia kwa utaratibu wao: wachanga magotini, waja wazito kitandani, wazee mlangoni. Mlango haukuonekana kwa sababu ya wazee.

Kipkemoi aliiweka mashine mezani kando ya kichana. Ikawaka taa ya kijani.

“Hii ni hewa ya msitu wa Mau,” alisema. Alionekana kuchanganyikiwa kidogo, kisha akafurahi. “Lakini nimekuja kuwasikiza. Tuwe wakweli, jameni. Serikali haiwezi kusaidia mtu hajasema. Nani hapa ako na kifua? Ainue mkono.”

Akina mama waliangalia mabati. Mtoto mmoja alikohoa na mama yake akasema ni meno. Mwingine akakohoa, naye pia ni meno. Hakuna mkono ulioinuka, ndipo Mzee Odero, ambaye hupenda mikutano isonge mbele, akaona njia ya kuwaokoa wote.

“Boss, hapa mwenye kifua ni Mama Adero. Peke yake. Sisi wengine hatuna kabisa. Mimi ukiniambia kitu sai, saa kumi imefika mtaa wa Free Area.”

Watu wakacheka kwa nguvu, kwa kushukuru.

“Mmoja tu?” Kipkemoi aliuliza.

“Mmoja, lakini hicho ni kifua. Hata vitu za marehemu ameweka.”

“Pole sana, mathe,” Kipkemoi alisema, akainamisha kichwa kwa ajili ya marehemu. “Mtaa mzima, mmoja. Hiyo si mbaya. Haya mathe, tuambie wewe mwenyewe.”

Awuor alisimama na kitanda kikashusha pumzi. Mitchelle alikuwa mbele yake, mgongo ukiegemea miguu yake. Wachanga walikuwa pale walipowekwa siku zote. Alitaka watolewe nje, na hakuweza kusema watolewe nje. Akapunga mkono kuelekea mlangoni. Akina mama walidhani anamsalimia mgeni, nao wakampungia.

“Wana,” alisema Awuor.

Ulikuwa ni mwanzo wa neno tu, na ulitoka mweusi. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara pale Mai Mahiu lori likipasua tairi angeutambua kwa harufu. Ulifunika mashine, ukafunika kalenda, ukamfunika afisa. Wachanga walinyamaza kwanza, kisha wakalia wote kwa pamoja. Katikati ya kilio hicho Awuor alisikia ile filimbi ya Mitchelle. Ilianza juu, ilipotoka baada ya muda wote huo, ikapanda zaidi, ikawa nyembamba. Kisha ikakatika, na safari hii si kwa uzuri.

Lilibaki neno moja na nusu. Alikuwa nalo mdomoni.

Alifunga mdomo. Akavuta. Aliurudisha wote, kutoka kwenye pembe, kutoka kwenye kola ya afisa, kutoka kwenye pua za wachanga mmoja baada ya mwingine, na kutoka kwa Mitchelle aliuvuta mpaka wa ndani kabisa, amemshika mabega. Ilichukua muda wa kuimba ubeti mmoja. Filimbi ikarudi, ikalia kidogo, ikanyamaza. Taa ya mashine ikatoka kwenye nyekundu ikarudi kwenye kijani.

Kipkemoi alifuta macho kwa leso. Alimtazama yule mama kwa huzuni ya kweli.

“Mathe. Kumbe unavuta.”

Akaikunja leso.

“Kwa nyumba ya watoto, mathe. Na huyu mjukuu wako hapa.”

“Boss,” Mzee Odero alisema, sauti ikiwa haijarudi vizuri, “hiyo ni moshi ya Jiko.”

“Mzee, mimi nimeona imetoka wapi. Nyinyi wote mmeona.”

Wote walikuwa wameona. Kipkemoi aliongea kwa upole. Alisema uchafuzi wa hewa huanzia nyumbani. Alisema juu ya kuchoma taka nyuma ya nyumba, na makaa ndani ya chumba kisicho na dirisha la kutosha, na magari yasiyofanyiwa savisi, na sigara. Kila alichosema kilikuwa kweli. Aliwashukuru kwa mahudhurio, akachukua mashine yake. Wazee wakampisha mlangoni, na hapo alipita karibu na Jepleting, aliyekuwa ameshika mtoto wake na mdomo ukiwa wazi nusu. Ulibaki hivyo mpaka gari likaondoka. Njiani Kipkemoi alipitia Jiko, akaonyeshwa kuni, akasifu zilivyopangwa.

Jioni upepo ulileta harufu ya kawaida. Jepleting alirudi, akapiga magoti kando ya kitanda.

“Mama Adero, mdomo ilikataa.”

Awuor aliweka mkono juu ya kichwa chake, akapapasa laini, akaona mbili zimefumuka. Akamwonyesha kwa kidevu akae chini.

Baada ya siku chache ofisi ya Kipkemoi ilituma kibandiko cha kukataza sigara kikabandikwa mlangoni kwa Awuor, juu kidogo ya mahali maziwa yalipowekwa. Jiko likaongeza tanuri la tatu. Watu waliendelea kuja. Awuor sasa hakuondoka kitandani; aliegemezwa ukutani, matofali yakaongezwa, akawa anavuta tu. Kusuka alisuka Mitchelle, akitoka shule. Alikaa kwenye kiti cha bibi yake na magoti yake hayakufika mbali, kwa hivyo wateja walijikunja. Watu wazima waliingiza vichwa vyao pale, na baada ya muda, kama ilivyo, wakaanza kumwambia mambo.

“Kigen jana ametema kitu ikiwa na moto ndani,” Jepleting alimwambia siku moja. “Usiseme popote.”

“Niko na kifua,” Mitchelle alijibu, jinsi alivyosikia watu wakubwa wakisema.

Ikafika Jumamosi moja. Mlango ulikuwa wazi, na Mitchelle alikuwa amefika nyuma ya sikio la kushoto la Jepleting. Alikuwa anaeleza juu ya msichana wa darasa lao aliyekuja na viatu vya ndugu yake, na alivuta pumzi ili afike kwenye sehemu yenyewe. Moshi wa asubuhi ulikuwa unaingia. Akaeleza, wakacheka wote wawili. Jepleting aliutazama ukuta. Alingoja moshi umtoke mtoto, haukutoka. Kisha akainamisha kichwa mwenyewe, bila kuambiwa, mpaka laini ya mwisho. Nyumbani alimwambia Kigen, kwa kuwa ni mumewe.

Jumatatu alfajiri kulikuwa na pakiti mbili mlangoni.

Mitchelle aliziingiza ndani na kuziweka kitandani. Awuor alizitazama, moja, kisha nyingine. Akatazama muhuri. Alitaka kuuliza ni nani aliyewaambia, na alitaka kuuliza tangu lini, na lilikuwapo jambo la tatu, ambalo halikuwa swali wala halikuwa na maneno. Lakini watu walikuwa wameshaanza kufika. Shule zilikuwa zimefungwa na nyumba ilikuwa inajaa mapema. Wachanga walikuwa wanawekwa kwenye nafasi zao, wengine magotini kwa Awuor na wengine, kwa mara ya kwanza, upande wa pili, karibu na kiti. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walijigawa tu.

Awuor alikata kona ya pakiti kwa meno, akampa mtoto. Akamwonyesha kwa kidevu: yote.

Mitchelle alikunywa mpaka mwisho. Akapangusa mdomo, akapangusa kichana, akamtazama mteja wa kwanza aliyesimama mlangoni.

“Karibu,” alisema, na moshi mwembamba ukalitangulia neno, kama wa mtu anayeongea asubuhi ya baridi kule Molo.